Mtego wa saba

Asubuhi nilikuwa naanua nguo zilizolala na mvua, na ile kamba ya katani iliyolowa ikaninukia baba.

Baba alikuwa akitega paa katika milima ya Uluguru. Kila alfajiri aliizungukia mitego yake yote. Kwetu, mtu aliyemwacha mnyama alale na kamba mguuni alionekana hana utu, na nyama yake hakuna jirani aliyeipokea.

Siku moja askari wa Mdachi alimkuta mlangoni akitoka.

"Bomani wamekataza mitego," alisema. "Inawatesa wanyama."

"Sawa," baba akajibu. "Basi niache kwanza nikaifungue. Iko saba."

Askari akamfunga mikono, wakaanza kushuka kwenda Morogoro. Njiani baba alipaza sauti akimwelekeza mama ulipo kila mtego. Tulisikia sita, halafu wakapinda kona.

Ile sita mama na mimi tuliifungua siku hiyohiyo. Wa saba tuliutafuta siku tatu. Siku ya pili tulimsikia paa akilia ng'ambo ya bonde. Siku ya tatu hatukumsikia. Mtoni wanawake wakawa wanatupisha bila salamu.

Baba alirudi masika yamekwisha. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anapita, akapanda msituni hata maji hajanywa. Alirudi na kamba, na kitanzini ukwato mmoja mdogo. Aliutoa akauzika, akaiosha kamba, akamkabidhi mama.

"Anikia nguo," alisema.