Mtoto wa Magdalena

Zamani ungemuuliza Salome kwao ni wapi, angekucheka. Kwao ni hapa hapa, njia ya kwenda Mnyambe, nyumba yenye mikorosho minene nyuma. Ni kweli hakuzaliwa hapa. Aliletwa kichanga wakati wa vita vya Mreno. Mama yake alijitwika vyombo, na Magdalena, dada yake Salome, msichana mdogo tu, ndiye aliyemfunga mgongoni kwa kanga akavuka naye Ruvuma, maji yakimfika kifuani. Vita vilipoisha Magdalena aliolewa na mtu wa kwao, wakarudi ng'ambo ya mto. Salome akabaki na mama yake. Akachezwa unyago na wasichana wa hapa, akaolewa na Ambrosi wa hapa, akamzika mama yake hapa, akamzika Ambrosi pia. Sasa jamani, mtu kama huyo ni mgeni wa nini?

Kutaniwa alikuwa akitaniwa, hilo sikatai. Wamakonde wa ng'ambo watu huwaita Wamawia, basi kila penye shughuli hakosekani wa kumwambia, "We Mmawia, taratibu na huo wali, utamaliza sufuria!" Naye hujibu, "Nikimaliza wali nakuja kwako!" Watu wanavunjika mbavu. Bingwa wa utani huo alikuwa Mama Nurdini, shoga yake tangu unyagoni, aliyekaa naye banda moja wakibangua korosho.

Kisha huko ng'ambo kukachafuka. Watu wakachinjwa, vijiji vikachomwa moto, na wakimbizi wakaanza kupanda huku juu na watoto wao. Mwanzoni kijiji kiliwapa muhogo na mahali pa kulala. Haukupita muda, maneno yakageuka. Vijana wa bodaboda kijiweni wakasema Wamawia wanapalilia mashamba kwa bei ya kutupa, wenyeji hawapati vibarua. Wengine wakauliza, nani anajua yupi kakimbia wauaji na yupi ndiye muuaji mwenyewe? Kuku akipotea, Mmawia. Kisima kikikauka, Mmawia, utadhani Newala hii iliwahi kuwa na maji ya kumwaga!

Siku moja bandani Salome aligombana kidogo na Mama Nurdini juu ya ungo, mambo ya kawaida tu. Mama Nurdini akasema, "Nyinyi watu wa ng'ambo bwana." Salome akangoja kicheko. Kicheko hakikuja. Wanawake wengine waliinamia korosho zao, naye akainamia zake.

Wiki hiyo mwenyekiti Suleimani akaitisha mkutano. Alisema kuna agizo: mgeni asiye na ndugu mwenyeji wa kumdhamini atarudishwa mtoni, na atakayeficha mgeni ataondoka naye. Agizo limetoka wapi, hakusema, na hakuna aliyeuliza. Watu walipiga makofi. Salome naye alipiga. Tangu siku hiyo woga ukamkaa moyoni. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa ni wa hapa, na mwanawe Fortunatus, aliyekuwa akifanya biashara Masasi, alimwambia kwenye simu, "Mama, we nyamaza tu. Yatapita."

Jumamosi asubuhi Suleimani na mgambo wakaja bandani na mwanamke kijana, miguu imemvimba, mtoto mgongoni. Nyuma yao kundi la vijana.

"Mama Fortu," Suleimani akasema, "huyu anadai wewe ni mama yake."

Yule binti akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Mimi Julia, wa Magdalena. Mama amefia njiani, tumemzika porini. Aliniambia nikifika huku nimuulizie Salome wa Ambrosi, sitapotea."

Salome alimwangalia. Paji lile, mwanya ule wa meno, ilikuwa ni sura ya marehemu mama yake tupu. Na Magdalena amekufa! Mgongo uliomvusha mto umeachwa porini, bila hata sanda labda. Kilio kilimpanda, akakimeza, kwa sababu akilia tu, amekwisha kusema.

"Simjui," akasema.

"Una hakika?" Suleimani akauliza.

"Akina Magdalena ni wengi. Simjui huyu."

Julia akainuka, akakaza kanga ya mtoto, akasema polepole, "Basi nisamehe, mama. Nimekosea nyumba." Wakaondoka naye kuelekea barabara ya mtoni.

Salome alikaa, akachukua korosho, akabangua. Alitegemea mtu aseme neno, hata "pole kwa usumbufu". Mama Nurdini akakung'uta kanga yake, akasimama.

"Mama yako namkumbuka," alisema. "Hata kipofu angejua yule ni mjukuu wake."

"Ulitaka nifanye nini? Nifukuzwe na mimi?"

"Ungesema ni wako, ningesimama na wewe."

Angesimama kweli? Mungu ndiye ajuaye. Mkutanoni Mama Nurdini alipiga makofi kuliko wote. Lakini sasa alikuwa na la kusema, naye alilisema mbele ya banda zima:

"Sisi huku mtoto wa dada ni mtoto wako wa tumbo. Anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mwehu, humkani. Wakisema wewe si wa hapa, mimi nilikuwa nawabishia, Mama Fortu. Leo nitawabishia kwa lipi?"

Wakaondoka mmoja mmoja na nyungo zao. Hakuna aliyemuaga.

Jua lilipopinda Salome alitoa mkeka, akautandika mbele ya nyumba kama unavyotandikwa penye msiba. Akafunga kanga kichwani, akaketi, akamlilia dada yake kwa sauti, kwa Chimakonde cha ng'ambo alichokuwa amekificha miezi yote hiyo. Alimwita Magdalena, akamwita Julia, akaomba radhi.

Kijijini hapa hakijawahi kusikika kilio watu wasije. Hata mlevi akifa, watu huja, wengine na maji, wengine na unga, na mtani huja kutania mpaka wafiwa wacheke. Kilio cha Salome kilisikika mpaka kijiweni. Lakini huyo marehemu ni wa nani? Salome mwenyewe alikwisha kusema mbele ya watu kwamba hamjui. Mama Nurdini, nyumba ya pili, alikuwa jikoni akisonga ugali. Alisikiliza kidogo, akaenda akafunga mlango.