Waziri wa Zacharie

Mume wangu Zacharie alikuwa mtu wa kutajwa kule Fataki, kabla vita havijatuleta Bunia na magodoro yetu kichwani. Hakuwa chifu wala mwalimu. Alikuwa mtafsiri katika ukumbi wa video: filamu inasema Kifaransa, yeye anasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, anatupa Kiswahili.

Iliyompa jina ni ile tamthilia ndefu ya rais mgonjwa na mawaziri waliogombea kiti chake. Kila Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanaume walifuata mapinduzi. Sisi wanawake tulimfuata waziri wa ulinzi, aliyempenda karani wake. Yule waziri alijua kusema na mwanamke! "Ukicheka na ile mwanya yako," alimwambia siku moja, "nasahau mpaka majeshi nilituma vitani." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Nilimwonea wivu karani yule waziwazi. Nyumbani nikamwambia Zacharie, ungekuwa na robo tu ya ulimi wa waziri, ningekuwa mke mwenye bahati. Akatabasamu, akaomba chumvi.

Mwezi uliopita binti yetu Vanessa, ambaye sasa yuko chuo, aliipata tamthilia yote kwenye flashi. Jumapili mchana tukakaa sebuleni kwetu mtaani Bigo, nami nimejifunga kitenge kipya kwa ajili ya waziri wangu. Zacharie alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi sijui Kifaransa, kwa hiyo Vanessa ndiye aliyetafsiri.

Waziri akamwinamia karani. Nikashika kifua.

"Anasema atie sahihi ku hii barua mbele ya saa nane," Vanessa akasema.

"Na mwanya?"

"Mwanya gani, mama? Angalia meno yake."

Nikaangalia. Meno ya karani yalikuwa yamebanana kama mahindi kwenye gunzi. Televisheni ya Fataki ilikuwa ndogo, imejaa chenga, na toka mlangoni hukuona meno ya mtu. Nilimwambia Vanessa airudishe nyuma mara tatu. Barua, sahihi, saa nane. Hakuna kingine.

Mwanya ulikuwa wa Véronique, mshona nguo, aliyekaa benchi la mbele kila Jumapili na kucheka hata rais akikata roho. Siku hizi ameolewa Epulu na mlinzi wa wanyama. Epulu ni mbali, lakini siku ile niliona si mbali vya kutosha.

Zacharie aliporudi, sikumwacha hata akae.

"Papa Vanessa, weye unajua Kifaransa?"

Akatupia jicho televisheni, akaelewa. "Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Bonjour. Merci." Akakuna kichwa. "Mwenye salle ya video alikosa mutu mwengine. Nilikuwa naangalia midomo yao, maneno inakuja yenyewe."

Vanessa alicheka mpaka machozi: kumbe baba alibuni yote, mapinduzi, ugonjwa wa rais, kila kitu! Hata mimi nilianza kucheka. Kisha nikaacha. Kama maneno hayakutoka kwa waziri, yalitoka kwa Zacharie. Waziri niliyemtamani miaka yote ile alikuwa amelala kitandani kwangu, na alikuwa akisema na Véronique.

"Ulimupenda?"

"Ni ya zamani, Mama Vanessa."

Hakusema hapana. Wivu ulinipanda mpaka nikahisi joto masikioni, mimi mwenye mvi, kwa mwanamke ambaye sijamwona miaka kumi. Nikazima sauti ya televisheni. Nikavuta kiti mpaka mbele kabisa, nikakaa.

"Sasa tafsiri. Leo ni miye naikala hapa."

"Mama, wacha," Vanessa akasema.

Zacharie akasimama kando ya televisheni kama zamani, akakohoa. Waziri alimwinamia karani, midomo ikicheza.

"Anasema..." Akaniangalia. Alikuwa anatafuta, nilimwona akitafuta, hata jasho lilimtoka. "Anasema: Mama, kule kwenu mvua ilinyesha?" Salamu ya kumpa mgeni.

Waziri akaendelea kusema. Akamshika karani mkono, akasema tena, kirefu. Nilingoja mpaka waziri akafunga midomo. Zacharie hakuongeza neno.