Nyuki wa Ami na Ndege ya Dawa

Mwaka wa vita vya pili vya Iraq nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani katika ofisi ndogo ya kilimo, Ibra, huku Omani. Nasema karani, lakini kazi yenyewe ilikuwa kupiga chapa matangazo, kupokea barua na kuziandika katika daftari, na kuwaonyesha watu pa kukaa. Sekondari nilifika nusu. Hesabu zilinishinda, na Kiingereza kikanishinda zaidi. Ndoto tu hazikunishinda. Nilijiona siku moja nimekuwa bibi shamba, nimevaa kofia pana, naingia bustani moja natoka nyingine, kuanzia kwetu mpaka Wadi Bani Khalid, na kila mwenye mitende ananiambia karibu kahawa, hebu nitazamie mtende wangu huu una nini.

Ofisini walinitaka kwa jambo moja. Wazee wetu waliotoka Unguja na Pemba Kiarabu cha sokoni wanacho, lakini cha serikali hawanacho. Karatasi ikiwafikia wanaisoma herufi kwa herufi, vizuri kabisa, kama wanavyosoma msahafu, na wakimaliza hawajui imesema nini. Basi walikuwa wanakuja dirishani kwangu. "Mwanangu, hebu nambie hii inanitaka nini." Nami nawaambia kwa Kiswahili, na wengine wakiniombea dua pale pale dirishani, mpaka mudiri wetu, mkuu wa ofisi, akitoka chumbani kwake kutazama nani kafa.

Katika hao alikuwemo ami yangu. Ni ndugu wa baba, na baba alipokufa yeye ndiye aliyenilea. Alitoka Pemba kijana, baada ya mapinduzi, akaja katika nchi ya babu zake asiyoijua. Alizungushwa miaka mingi kabla ya kupewa uraia: lete cheti cha baba, lete shahidi, rudi baada ya Idi. Karatasi zote hizo alizihifadhi ndani ya kopo la halua, na kopo lenyewe juu ya kabati. Watu wakimcheka kwa woga wake wa serikali alikuwa akisema, "Nyie Waomani wa damu. Mie Muomani wa karatasi. Nisipotii karatasi n'takuwa nani?"

Kilichompa mlango mjini ni nyuki. Alikuwa na mizinga ishirini na minane, ile ya magogo ya mtende yaliyotobolewa ndani, ameipanga chini ya kibanda cha makuti nyuma ya nyumba. Zamani walikuwa wanamwita Mzanzibari, tena kwa mdomo uliopinda, kwa sababu ya Kiarabu chake. Alipoanza kuvuna asali ya mgunga wakaanza kumbishia hodi. Mwanamke kazaa, waja kuomba kikombe kwa ami. Mtoto anakohoa, kwa ami. Hakuna mtu anayemwendea mwenye asali na mdomo uliopinda. Wakawa wanamkalisha mbele kwenye harusi zao, na yeye siku hizo anavaa kilemba kizuri na anarudi nyumbani anaimba.

Sasa hii habari ya ndege. Kila mwaka joto likianza kupanda, mitende huingiwa na mdudu, dubasi wanamwita, mdogo kuliko punje ya mchele. Hunyonya makuti na kudondosha utomvu wa kunata. Ukipita chini ya mtende unatoka nywele zimegandana, na tende changa zinashikwa na vumbi mpaka hazifai ila kwa mbuzi. Dawa yake ilikuwa inamwagwa kwa ndege ndogo ya kukodi, na rubani wake mgeni. Inapita asubuhi mapema, chini chini, utadhani itaondoka na kilemba cha mtu, inaacha ukungu wake juu ya mitende na kupotelea nyuma ya jabali. Mie nilikuwa naipenda ndege ile. Nilikuwa napanda juu ya dari kuipungia mkono.

Kabla ya ndege linatoka tangazo. Funikeni matangi na visima, fungieni mbuzi, na wenye nyuki wahamishe mizinga yao mbali na mitende kwa siku tatu, maana dawa inayoua dubasi haimbagui nyuki. Tangazo la mwaka ule nililipiga chapa mimi na muhuri nikaugonga mimi. Nakala ya ami nikampelekea nyumbani kwa mkono wangu, kwa furaha, kama mtu anayepeleka kadi ya harusi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nini hiyo? Ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Basi isome."

Nikasoma. Kesho yake jua linazama, nyuki wote wamesharudi ndani, akaziba milango ya mizinga kwa vitambaa vibichi na kuipakia kwenye pikapu yake. Jirani yetu, Mwarabu wa hapa hapa tangu babu wa babu yake, naye ana mizinga kama kumi, akasimama ukutani kutazama.

"Ya Zanzibari! Unawapeleka wapi hao, hija?"

"Serikali imesema wahame siku tatu," ami akamjibu.

"Serikali ina kazi nyingine mwezi huu. Hebu tazama juu."

Tukatazama. Juu kabisa, pale ambapo jua lilikuwa bado linafika, zilikuwa zinapita ndege, mbili, halafu nyingine mbili, na nyuma yake mistari myeupe.

"Hizo si za dubasi," jirani akasema. "Wangu hawaendi popote."

Ami akanong'ona kwa Kiswahili, "Huyu hajawahi kuombwa cheti cha baba yake." Akapanda gari.

Aliwapeleka kwenye wadi moja, bonde la mto mkavu, mbali na mitende yoyote, kuna migunga michache na mawe. Maji hakuna. Kwa siku tatu si neno. Alibeba maji katika madumu na kuyamimina kwenye mabeseni, akatupia juu yake vipande vya makuti ili nyuki wapate pa kusimama wakinywa, wasizame.

Siku tatu zikapita na ndege haikuja. Mudiri akaniambia niandike siku tatu nyingine. Nikaandika, nikagonga muhuri. Hizo nazo zikapita, nikaandika nyingine.

Ami akawa anapitia dirishani kwangu kila asubuhi, njiani kupeleka maji. Hashuki garini. Anasimamisha tu na kunyoosha shingo.

"Leo?"

"Kesho, ami, inshallah."

Na hapa ndipo penye jambo langu. Kama ningesema kesho tu, ningekuwa nimesema nilichoambiwa. Lakini nilikuwa siwezi kumwona akiondoka na uso ule. Nikawa naongeza. Nilimwambia rubani keshafika Maskati, anapumzika. Siku nyingine nikamwambia kulikuwa na upepo, ndege hii haipendi upepo. Siku moja nikamwambia dawa ya mwaka huu ni nzuri zaidi, ndiyo maana inachelewa. Hakuna aliyeniambia lolote katika hayo. Nilikuwa nayatunga nikinywa chai, na kila nikimtazama naona uso umekunjuka, namsikia anasema, "Alhamdulillahi, basi wavumilie kidogo," najisikia nimefanya jambo jema. Nilikuwa mchangamfu sana siku zile.

Nyumbani mchana tulikuwa tunakula televisheni ikiwaka. Baghdad inawaka moto na sisi tuna sahani za wali mbele yetu. Nilikuwa nalia, ami ananiambia kula mwanangu, kulia hakuwafikii. Kisha anaondoka na madumu yake. Ilikuwa wiki ya tatu, na joto la wadini lilikuwa limeshakuwa joto la kweli.

"Wamekuwa wakali," alisema siku moja. "Tena wachache kwenye maji. Hawanywi kama zamani. Mizingani sisogei tena, namimina maji kwa mbali narudi."

"Kesho, ami."

Asubuhi moja jirani yetu alikuja ofisini kwa shughuli ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba. Aliponiona akacheka. "Bado mnaingoja ndege? Binti, marubani hawaruhusiwi kuruka. Anga ina wenyewe sasa. Mtu yeyote wa Maskati atakwambia."

Nikaingia kwa mudiri bila kugonga. Alikuwa anatazama vita, televisheni ameizima sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na alikuwa akiogopa simu.

"Ndege inakuja lini?" nikamuuliza.

"Haiji."

"Tangu lini haiji?"

Akafungua faili, akatoa barua, akaigeuza upande wangu. Ilikuwa ya kampuni ya ndege, kwa Kiingereza, mistari minne tu. Kule pembeni, kwa wino wa buluu, namba ya daftari na tarehe ya kupokelewa kwa mwandiko wangu, ule niliokuwa nikijisifia. Niliipokea mimi. Siku mbili baada ya ami kuhamisha nyuki. Niliiandika katika daftari "barua ya Kiingereza," nikaitia kwenye trei, nikaenda kutia chai.

"Kwa nini tumeendelea kuwaambia watu kesho?"

"Ulitaka tuwaambie nini?" Alikuwa anasema polepole, kama mtu aliyekwisha kujiuliza mwenyewe. "Tuwaambie vita vya watu wengine vimefika kwenye mitende yao? Tumeambiwa mambo yaende kama kawaida. Kawaida ni kwamba ndege inakuja. Niliuliza juu niandike nini. Hawajajibu. Mpaka wajibu, ni kesho."

"Ami yangu ana nyuki wadini."

"Nani alimwambia awaweke huko muda wote huo?"

Akatazama barua, akanitazama mimi, akairudisha kwenye faili.

Ami alipofika dirishani nilikuwa nimeshasimama nje na mkoba wangu.

"Leo?" akauliza.

"Leo twende wote tukawarudishe."

Hakuniuliza kwa nini. Njiani nikamwambia yote, barua, daftari, mwandiko wangu, na ya rubani wa Maskati, na ya upepo. Nilikuwa nazungumza huku natazama madumu yanavyogongana nyuma. Mara moja aliondoa mkono kwenye usukani nikadhani atanipiga, akafuta kioo.

Tulipofika nilijua kabla hajazima gari. Mahali penye mizinga ishirini na minane pana sauti yake, na pale hapakuwa na sauti. Mabeseni yalikuwa makavu, mbuzi wa mabedui wamekunywa maji na kupindua mawili. Ami akapita kwenye gogo moja moja, anapiga magoti, anaweka sikio, anagonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Alipomaliza safu ya kwanza akaanza ya pili. Kwenye baadhi ya milango kulikuwa na nyuki wakavu wamelala. Kwingine hata hao hamna, nondo tu wanatoka. Mizinga mitatu ilikuwa na uhai kidogo ndani yake. Wengine walikuwa wamehama, wapi, Mungu anajua.

Akakaa juu ya jiwe.

"Wana haki yao," akasema. "Mie ningekuwa nyuki ningehama siku ya pili."

Alikuwa anataka nicheke. Nikacheka, halafu nikashindwa kuacha, na haikuwa kicheko tena. Akanipa ncha ya kilemba chake nifute uso.

Tulifika nyumbani magharibi haijaadhiniwa. Kule kwa jirani nyuki wake walikuwa wanaingia mizingani, wazima, wanene. Yeye mwenyewe akaja kusaidia kushusha, na gogo la kwanza aliloshika akalisikia jinsi lilivyo jepesi.

"La hawla," akasema. Kisha, kwa kuwa ni jirani na hakuweza kujizuia, "Nilikwambia."

"Uliniambia," ami akasema.

"Nani alikwambia uwaache huko? Ofisi? Huyu binti?"

Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha kuzibia mlango wa mzinga mkononi. Ilikuwa zamu yangu kusema.

"Hakuna aliyeniambia," ami akasema kwa Kiarabu chake kilichovunjika. "Tangazo lilisema siku tatu. Mimi nikaona mahali pazuri, nikazembea. Kosa langu."

Nami nikanyamaza. Nilikuwa na kinywa, na nilikuwa na kazi, na nikanyamaza.

Habari ikazunguka mji kwa siku mbili: Mzanzibari kazembea, kaua nyuki wake mwenyewe. Mwaka ule tende zetu nazo ziliharibika, makuti yakidondosha utomvu mpaka chini ya mitende mchanga ukawa mweusi. Mizinga ile mitatu haikufika kiangazi. Hodi zikapungua, halafu zikaisha. Kwenye harusi moja mwisho wa mwaka nilimwona ami amekaa karibu na mlango, penye viatu. Mtu akampitishia sahani juu ya kichwa chake bila kumtazama.

Mwaka uliofuata tangazo likatoka tena. Nililipiga chapa mimi, maneno yale yale, na muhuri nikaugonga mimi. Nilikuwa siioni tena ile kofia pana. Nakala ya ami nikaichukua, ingawa mwenye nyuki hakuwa tena, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Ina muhuri?"

"Ina muhuri."

Safari hii hakusema isome. Aliishika, akaitazama pande zote mbili, akaikunja vizuri, akapanda juu ya kiti na kuliteremsha kopo la halua, akaitia humo pamoja na zile za uraia. Nikangoja aniulize ndege inakuja lini.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekula. Nikamwambia bado, akaenda kunipakulia.