Mtoto Aliyekuwa Mgongoni

Mwaka ule nilikuwa naandika kitabu cha watoto, na nilikuwa na haraka, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa anakwisha huku namwona. Kitabu kilimhusu bibi yake yeye, ambaye akiwa binti mdogo alinusurika siku wavamizi walipoingia kijijini kwao kuteka watu na ng'ombe. Alijificha ndani ya tanuru refu la udongo, mojawapo ya yale ambayo Wafipa wa zamani walikuwa wakiyeyushia chuma. Aliyeijua habari hiyo alikuwa amebaki bibi peke yake.

Kila Jumamosi nilitoka Sumbawanga mjini kwenda Mpui kwa bibi na kurasa zangu. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina adabu. Mimi na mama tulimtoa bibi nje akaota jua, nami nikasoma. Alifurahi. Mara ananitania kwamba huyo binti anaongea kama mimi nikiwa darasani, mara ananiambia nisonge mbele, habari za miti zinatosha.

Jumamosi moja nikafika kwenye tanuru. Sura ile nilijivunia, jamani. Binti amembeba mdogo wake mgongoni, wavamizi wanapita karibu hadi anaona miguu yao kupitia matundu ya chini, na mtoto amelala fofofo. Wanaondoka. Ndugu wawili wanatoka wazima.

Bibi akaomba arudishwe ndani. Akajigeuzia ukutani, na chakula akakikataa. Mama akanijia juu, eti kiherehere changu cha vitabu kitamuulia mama yake. Nikamjibu vibaya, maana mimi hasira zangu ziko puani, kisha nikaingia kumuuliza bibi mwenyewe nimekosea wapi.

"Hakulala," akasema. "Alilia. Dada yake akamziba mdomo mpaka wale watu wakapita. Alipomwachia, mtoto alikuwa ameshakwenda."

Nikajitetea kwamba hiki ni kitabu cha watoto, wataogopa.

"Na yeye alikuwa mtoto," akasema.

Ndipo akanieleza yaliyofuata. Kwetu ukienda kumwona mzazi, unapewa kichanga umpakate. Ndiyo heshima yenyewe. Bibi yake hakuwahi kumpokea mtoto wa mtu. Aliacha unga wa ulezi mlangoni, akageuka. Watu wakaanza kusema ni mchawi, ana kijicho na vizazi vya wenzake, hadi kwenye pombe wakawa wanamtengea chungu chake. Hakujitetea. Ukweli aliusema alipokuwa anakata roho, akamwambia bibi peke yake, na bibi akakaa nao kifuani miaka yote hiyo. Sasa nikimwacha yule mtoto hai kitabuni, akasema, basi bibi yake atabaki mchawi hivyo hivyo.

"Mama yangu alipofariki, bibi huyo ndiye aliyenilea. Hakunipakata hata siku moja. Nikiumwa alikaa pembeni yangu, mikono ameikalia. Mimi nilidhani hanipendi."

Nilirudi mjini nikaiandika sura upya. Niliichukia kila sentensi yake. Mhariri wangu alikuwa ameshaniambia hataki kifo cha mtoto, shauri yake. Jumamosi iliyofuata nikamsomea bibi humo chumbani, kwa sababu kutolewa nje alikuwa hawezi tena. Nikasoma mtoto analia, nikasoma mkono unavyokwenda mdomoni, nikasoma na ule ukimya. Alisikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba. Nikamuuliza kama sasa iko sawa.

Akasema ndivyo ilivyokuwa. Kisha bibi yangu, mzee wa vilembwe, akaitoa mikono yake kwenye blanketi akaninyooshea.

"Njoo unipakate."

Nikapanda kitandani, nikamvuta mapajani, tukakaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi.