Mkono Uliokufa Ganzi

Sikuolewa kwa sababu ya kifua cha mume wangu, ingawa dada zangu mpaka leo hawaamini. Kilikuwa kifua kweli. Alikipata uani kwetu, Morogoro mjini, kwa vyuma ambavyo havikuwa vyuma: bomba kuukuu la maji na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Yeye na wenzake waliyatengeneza wenyewe baada ya kiwanda cha nguo kuwapunguza kazini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mitumba imefurika sokoni, na vitambaa vya kiwanda vinalala ghalani bila mnunuzi. Asubuhi walikwenda kupakua kabichi na karoti kwenye malori yatokayo Mgeta, milimani, jioni wakarudi uani kunyanyua. Niliwauliza kama mizigo ya mchana haikuwatosha. Mume wangu akanijibu kwamba mzigo wa mchana ni wa tajiri, wa jioni ni wake. Nilikereka, kwa sababu jibu lilikuwa zuri kuliko swali langu.

Walikuwa na desturi moja. Kabla ya kunyanyua, kila mtu alijifunga vipande vya mpira wa tyubu kuukuu za baiskeli kwenye viwiko na vifundo vya mikono, akivivuta kwa meno mpaka mishipa itutumke. Waliamini kiungo kisichofungwa kitateguka. Vidole vikifa ganzi, walisema mkono umelegea, basi wakakaza zaidi. Mume wangu hajui kufanya jambo nusunusu. Alikaza kuliko wote, na bomba aliloliinua yeye wenzake walilisogeza kwa kusaidiana.

Kisha nikajifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume. Mama yangu akashuka kutoka Mgeta kunitunza uzazini, akaja na ndizi, maharage na maneno yake. Nyumba ikajaa furaha, isipokuwa kwa jambo moja. Baba mtu hakumpakata mtoto. Alikaa karibu naye, akamtazama mpaka nikaona haya kwa niaba yake, lakini mikono yake ilibaki magotini. Nikimpa, alisema ana jasho. Siku nyingine alisema mikono yake inanuka kabichi. Mimi ni mtu wa mdomo, na safari hiyo sikuubana. Nilimwambia mwanamume anayekumbatia makopo ya zege na kumkimbia mwanawe anapaswa kuzaa na hayo makopo. Aliinuka akatoka nje, na mimi nikalia kwa hasira, nikiamini kwamba hakumtaka mtoto wetu.

Kilichomtoa mafichoni ni maji yangu ya kuoga. Mama alikuwa ameyachemsha kwa ajili ya kunikanda, na mume wangu akasema atayaingiza yeye bafuni. Akaliepua sufuria bila kitambaa, akasimama nalo huku akimsimulia mama bei ya karoti sokoni. Mkono wa kushoto alikuwa ameukunjia shati. Wa kulia ulikuwa umeegemea sufuria hivihivi, nyama juu ya bati la moto, naye anaendelea na karoti zake.

Kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Hata salamu hupita kwa macho ya chini. Siku hiyo mama alimshika mkwewe mkono, akauvuta, akaugeuza kwenye mwanga. Ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ulikuwa umebabuka.

"Baba, huu mkono unasikia?" mama akamuuliza.

Akanitazama mimi badala yake. "Hausikii. Vidole hivi viwili vimekufa muda mrefu. Nikimbeba mtoto nitamdondosha, na sitajua kama nimemdondosha."

Mama akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda kutafuta asali ya kupaka. Niliona aibu, na chini ya aibu nikampenda mpaka kifua kikaniuma.

Hospitalini, daktari mama mmoja alizitazama alama za mpira mikononi, akamgonga nyuma ya kiwiko, mahali pale ambapo ukijigonga mwili wote unashtuka. Yeye hakushtuka. Daktari akaeleza kwamba neva inayopita hapo imebanwa na kuchoka. Mpira utoke, vyuma viachwe, asiegemee kiwiko wala kulala ameukunja mkono. Mume wangu akauliza kama ganzi itaisha. Daktari akasema huenda ikaisha, huenda isiishe.

Nimewaona watu wenye nguvu wengi, lakini nguvu niliyoiona miezi ile sijaiona tena. Aliacha vyuma siku ileile. Kila jioni alikaa uani akiwahesabia wenzake wakinyanyua, kifua chake kikinywea mbele ya macho yao, na walipomtania kwamba ameolewa, alicheka. Aliwafungua tyubu mmoja mmoja. Waliogoma aliwaonyesha kovu lake. Sokoni alibeba magunia kwa mgongo tu, kwa malipo pungufu. Akienda kulala, mimi nilimviringishia taulo kwenye kiwiko na kulifunga kwa khanga, ili mkono usikunjike. Mtoto alianza kukaa, akaota jino, na baba yake akampakata kwa sharti moja: awe ameketi mkekani, nami niwe karibu. Kusimama naye hakukubali hata nilipombembeleza.

Jioni moja walikuwa wameketi hivyo, mtoto amekaa juu ya kiganja cha kulia, baba yake akiwakemea wenzake kwa kukunja mgongo. Nilikuwa napembua mchele. Bila kugeuza kichwa, akaniambia, "Mama, huyu amekojoa."

Nikamwambia nepi nimembadilisha sasa hivi, na hata hajamtazama, amejuaje.

Halafu akauchungulia mkono wake chini ya mtoto, maji yakichuruzika kwenye kidole cha mwisho.

"Nimesikia," akasema.

Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto aliyelowa. Hakunipa. Alisimama naye, akaenda kuwaonyesha wenzake.