Vidole vya Msichana wa Penseli

Najua mtasema nilikuwa na homa, au baridi ya Uingereza ilinipanda kichwani. Semeni. Mimi ndiye niliyekuwapo, na akili zangu zilikuwa timamu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifanya kazi kwa Kantibhai, Mhindi wa Kisumu aliyefungua karakana ya fremu za picha kule Aston, Birmingham. Siku moja bibi mmoja Mjerumani alituletea picha ya penseli, ya karne ya kumi na tisa. Aliyeichora aliwaiga mabingwa wa kale wa Italia: msichana ametazama chini, mistari myembamba kama unywele, mikono ameilaza pale chini kabisa, ukingoni mwa karatasi.

Fremu tuliyokuwa nayo ilikuwa fupi kwa nusu inchi.

"Wewe kata kidogo tu," Kantibhai akaniambia. "Nani taona?"

Nilijua si sawa. Lakini ningebishana na mwajiri? Nikakata. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda na kile kipande, nami nikakitupa kwenye stovu.

Kesho yake mchana, Kantibhai ametoka kwenda kula, niliinua macho nikamwona msichana amesimama mbele ya meza yangu. Nje mvua inamwagika, yeye mkavu. Niamini, nilimtambua kabla hajafungua kinywa: paji lile lile, nywele zile zile zilizogawanywa katikati. Mkono wa kushoto ameufunga leso.

"Viko wapi?" akauliza.

Kwa lugha gani? Hadi leo sijui. Nilimwelewa tu.

"Nimevichoma, dada. Nisamehe."

Hakulia, hakunitukana. Aliushika mkono wangu akaugeuzageuza, kama mtu anayechagua kitu sokoni. Kisha hakuwapo.

Jumamosi yule bibi akaja kuchukua picha yake. Akapitisha kidole chini ya fremu, pale nilipokata. Nilingoja matusi. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Alikuja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Pole, mwanangu," akasema, akaondoka na picha yake.

Kantibhai alicheka nilipomsimulia. Mimi niliacha kazi wiki ile ile. Tangu hapo vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto ni baridi kama chuma. Wajukuu wakivigusa wanaruka. Madaktari wamepima wee, hawaoni kitu.

Basi sikiliza. Ukipewa picha ya mtu, hata aliyekufa zamani, usimkate ili atoshe. Tafuta fremu nyingine, bosi wako na akasirike.