Jina la Cleon Katikati ya Uwanja

Mtu akikuambia Hoyt Gandy ni mpole, mwambie Jonelle wa chumba cha kufulia amesema hamjui. Mimi nimefua jezi za Nyigu, timu ya chuo chetu hapa Mississippi, miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo Hoyt alikuwa juu akitunza nyasi ya uwanja, mimi chini kwenye mashine. Mtu yule ana kinyongo cha kutosha wilaya nzima, ila anakihifadhi vizuri.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja mwaka ule wa korona. Asubuhi hakusalimii mpaka achomeke kidole ardhini aone unyevu. Kocha mkuu, anayelipwa dola milioni tano kwa mwaka, akikatiza uwanja na viatu vya mjini, Hoyt anamfokea mbele ya watu: "Toka kwenye nyasi yangu!" Na kocha anatoka. Aliyeruhusiwa kukanyaga apendavyo ni mmoja tu, Cleon Maddox, mpaka rangi wa mistari. Cleon alikuwa bonge la mtu, mcheshi, suruali yake ya kazi imejaa chokaa mpaka inasimama yenyewe. Miaka ishirini na miwili wale wawili walikula chakula cha mchana pamoja juu ya ndoo zilizopinduliwa. Ijumaa ni kambare wa kukaanga, na lazima wagombane kuhusu nani kala kipande kikubwa.

Korona ilipoingia wanafunzi walirudishwa kwao, nasi tukakatwa mshahara, sehemu moja ya tano. Mwanzoni mwa Julai wakawarudisha wachezaji peke yao. Madarasa yamefungwa, maktaba imefungwa, lakini mpira wa helmeti lazima uchezwe. Bwana Whitlow Pruett, mkurugenzi wa michezo, akatukusanya uwanjani, barakoa usoni, kila mtu mbali na mwenzake. Hoyt alikuwa anatazama viatu vyetu tu, roho inamuuma.

"Familia yangu," Pruett akaanza. Akituita familia, ujue kuna kitu kinakatwa. "Tusipocheza msimu huu tunapoteza dola milioni sitini. Televisheni peke yake ni thelathini na nane. Kuna jarida limetupima: timu hii ikiwekwa sokoni leo ni dola milioni mia tatu na arobaini. Mia tatu na arobaini! Kitu cha bei hiyo hakilazwi."

Cleon akapaza sauti kutoka nyuma: "Na mimi, bosi, wamenipima? Maana Verlene nyumbani anasema sifiki hata bei ya friji mbovu!"

Tulicheka. Pruett naye alicheka. Kila nikikumbuka kicheko kile natamani kutema mate.

Wiki mbili baadaye mifuko myekundu ikaanza kushuka kwangu. Nguo za mchezaji aliyepimwa akakutwa na ugonjwa zinakuja kwenye mfuko mwekundu, zimefungwa, zina kikaratasi chenye namba ya jezi na tarehe. Siku ya kwanza mitatu. Wiki ya pili ishirini na sita. Msaidizi wa Pruett akaja mwenyewe akasimama mlangoni. "Jonelle, haya ya mifuko ni siri ya afya ya vijana. Ukifungua mdomo, kazi umejifukuza mwenyewe."

Nikafunga mdomo. Stoo ya rangi ya Cleon iko ujia ule ule wanaopita vijana wakitoka mazoezini, wanahema, barakoa shingoni. Alikuwa akibadili nguo humo. Kila asubuhi ananipungia mkono, "Dada Jonelle, umeamkaje?" nami najibu salama, mifuko imejaa nyuma yangu. Vikaratasi nilivitia kwenye kopo tupu la sabuni. Sijui kwa nini. Sikuwa na ujasiri wa kusema, wala wa kuvitupa.

Katikati ya Agosti Cleon alilazwa. Alikaa siku kumi na moja, na Verlene akamuaga kwa simu iliyoshikwa na nesi. Tulimzika watu kumi, ndiyo idadi iliyoruhusiwa. Huku kwetu nani anazikwa bila watu kula pamoja ukumbi wa kanisa, nyama ya nguruwe na viazi vya mayai? Nilipika, nikaweka bakuli barazani kwa Verlene, nikasimama getini nalia kama mjinga.

Chuo kilimpelekea kofia ya timu. Kofia! Verlene akaomba fidia ya mume aliyefia kazini, wakamjibu kwa barua: hakuna ushahidi kwamba marehemu aliambukizwa kazini, huenda alipatia kanisani. Kanisa letu lilifungwa tangu Machi! Bado hawakutosheka. Msimu ule mashabiki walikatazwa, kwa hiyo chuo kikauza viti kwa picha. Unalipa dola sitini, picha yako inabandikwa kwenye kadibodi na kukalishwa jukwaani ili televisheni isionyeshe viti vitupu. Verlene akalipa, akatuma picha ya Cleon na suruali yake ya chokaa. Ikarudishwa na barua, pamoja na hela yake. Mavazi hayafai, wakasema, na viti vya mbele ni vya marafiki wa timu. Sasa safu ya tatu, huko huko mbele, palikuwa na kadibodi ya mbwa. Mbwa wa tajiri mmoja mchangiaji, amevalishwa skafu.

Hoyt aliisoma barua ile chumbani kwangu, amesimama. Aliisoma mara mbili.

"Mbwa," akasema.

"Ndiyo, kaka. Mbwa."

"Jina la Cleon watalitamka. Pruett mwenyewe atalitamka kwa mdomo wake."

"Utamlazimishaje?"

"Simlazimishi. Mtu yule hawezi kuona kitu kimesifiwa asijipachike." Na kweli. Miaka mitatu nyuma uwanja wetu ulipata tuzo ya nyasi bora. Pruett alikwenda kuipokea yeye, akapigwa picha nayo, na Hoyt akaiona gazetini kama mimi na wewe.

Tangu siku ile Hoyt akaacha kuilisha nyasi. Maji alitia, mbolea hata chembe. Kufikia mwisho wa Septemba uwanja ulikuwa kijani cha kuchoka. Pruett akauliza, "Mzee Hoyt, mbona imefifia?" Akajibiwa, "Inapumzika, bwana. Utaifurahia."

Halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua kali, Hoyt akaingia katikati na kamba, vigingi, na kile kigari cha kusukuma kinachomwaga mbolea kwenye mstari mwembamba. Mimi nilikuwa nimetoka kuanika mazulia. Pruett anazungusha watu wa televisheni. Nikamsikia: "Huyo ndiye mzee wetu wa nyasi. Uwanja huu nausimamia mwenyewe, hatua kwa hatua." Akampungia mkono. Hoyt akanyanyua kofia, akaendelea kusukuma. Alikuwa kwenye herufi ya tatu. Nani aangalie mtu wa nyasi anafanya nini? Anatia mbolea, basi. Akamaliza, akafungulia maji, akaja kula.

"Itatokea lini?" nikamuuliza.

"Siku kumi, kumi na moja. Nyasi yenye njaa ikipewa haifichi."

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi ya Kurudi Nyumbani, mchezo ambao kila aliyewahi kusoma chuoni kwetu hurudi kuutazama. Mwaka ule walirudi kwa televisheni, na ndiyo maana ulikuwa mchezo wa bei kubwa kuliko yote. Ukiwa chini huoni kitu, unaona kama nyasi ina mabaka. Lakini kamera ya angani ilipopita, mimi nikitazama runinga ndogo juu ya mashine ya kukaushia, nilipiga kelele peke yangu. Herufi tano za kijani kizito, kila moja ndefu kuliko basi: CLEON.

"Pale pameandikwa kitu," mtangazaji akasema. "Cleon. Cleon ni nani jamani?" Mwenzake hajui. Wakalirudia, kamera ikarudi, wakalirudia tena. Nikabeba taulo nikatoka mbio. Sikutaka kuhadithiwa.

Pruett alishamfikia Hoyt pembeni mwa uwanja, uso umeiva.

"Nini kile?"

"Nyasi, bwana."

"Kifute! Sasa hivi!"

"Nyasi haifutwi. Imeshakula."

"Wewe mzee umekwisha. Leo hii unarudisha funguo, na pensheni yako tutaona—"

Hakumaliza. Msichana wa televisheni alitokea na kipaza sauti kwenye fimbo ndefu, macho yamelowa. Watu wanapiga simu, akasema, wanalia majumbani, hawajawahi kuona heshima kama hii kwa mfanyakazi wa kawaida. Wazo hili zuri lilikuwa la nani?

Nilikuwa naangalia uso wa Pruett. Ilimchukua sekunde mbili, labda tatu. Akanyoosha tai.

"Ni langu," akasema. "Cleon Maddox alikuwa familia. Miaka ishirini na miwili. Tulipomhitaji Julai alirudi bila kulalamika, akaugua humu humu akiitumikia timu hii. Alitoa maisha yake ili msimu huu uwepo."

"Kwa hiyo aliambukizwa akiwa kazini?"

"Kazini kabisa, mwanangu." Na chozi likamtoka, mnafiki yule.

Hoyt akavua kofia. "Asante, bwana," akasema polepole. "Bi Verlene yuko nyumbani anasikiliza."

Nasema wazi: sijawahi kufurahi namna ile, wala siku ya ndoa yangu. Pruett aligeuka akamtazama Hoyt, na hapo ndipo alipoelewa. Kumfukuza hawezi tena, wazo si ni lake? Jumatatu kadibodi ya Cleon ilikaa safu ya kwanza, na suruali yake ya chokaa.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe chuo kina mawakili wanane. Wakaandika tena: mkurugenzi alisema kwa uchungu wa msiba, yeye si daktari, hakukuwa na ugonjwa wowote uwanjani Julai. Hakukuwa na ugonjwa wowote! Wakili wa Verlene akasema bila karatasi au shahidi hapo ndipo mwisho.

Hoyt alishuka kwangu na barua hiyo mkononi. Akafunga mlango. Hakukaa.

"Mimi nimeandika huko juu," akasema. "Wewe huku chini una nini, Jonelle?"

Nikazima mashine. "Una maana gani?"

"Lori la taka hupita kando ya nyasi yangu. Humo niliiona mifuko myekundu mitupu tangu Agosti, Cleon akiwa hospitali. Nikasema Jonelle atasema Cleon akifa. Hukusema. Nikasema atasema tukimzika. Ukapika viazi."

"Hoyt, kaka, wangenifukuza."

"Najua. Mimi pia wangenifukuza."

Miezi yote ile, kumbe, anakuja kwangu kusoma barua, kusema mbwa, kula chakula, alikuwa ananisubiri. Zile herufi ndefu kuliko basi zilikuwa zinaniambia mimi pia. Alinipa nafasi nyingi kuliko alizompa Pruett, na kila moja aliihesabu.

Nikashusha kopo la sabuni. Vikaratasi arobaini na kimoja, namba ya jezi na tarehe, vya Julai peke yake. Nilivipeleka kwa wakili mwenyewe, nikaapa, nikasaini. Verlene alikuwa kwenye kiti pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Alikuwa anakusalimia kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, shoga."

"Usiniite shoga," akasema, akaangalia dirishani.

Alilipwa fidia yote kabla ya Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Pruett waliachana naye Januari, wakamlipa dola milioni moja na ushei aondoke kimya, maana hata kufukuzwa kwao kuna bei. Mimi nilifukuzwa siku ile ile niliyosaini, bure. Hoyt alizilisha zile herufi tano mpaka baridi ilipoua nyasi, mchezo baada ya mchezo, kisha akastaafu na pensheni yake kamili.

Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Kila Ijumaa mchana huniletea kambare wa kukaanga kwenye mfuko wa karatasi, bado wa moto. Namsikia akipanda ngazi za baraza. Anauweka kwenye kiti, anabisha mara moja, na nikifungua mlango ameshafika getini, kisogo kwangu.